Komeo na Mlango wa Mama Mkubwa

Mafundi vitasa wamejaa mjini, na wengi wao ukiwapa tupa hawajui ishikwe upande gani. Komeo hakuwa wa kundi hilo. Nisimsifu sana mapema, akaota mapembe, lakini kufuli lililomshinda yeye lilikuwa la kutupwa jalalani, na mwenye nalo aende akaanze maisha upya.

Kibanda chake kilikuwa pembeni ya soko, kati ya muuza nyanya na mshona viatu. Kilikuwa na upana wa kabati la nguo. Ndani yake kulikuwa na jiliwa la chuma la kubania kazi, tupa za kila unene, kopo la grisi, kigoda cha mteja kilichopinda mguu, na ukuta mzima wa funguo mbichi ambazo hazijachongwa meno. Upepo ukipita, zote zilicheka kwa pamoja.

Jina la Komeo hakupewa na kazi. Alipewa utotoni na mama yake mkubwa, kwa sababu akinuna alifunga mdomo, na hata umtekenye nyayo hacheki. Kazi ilikuja baadaye ikalikuta jina limeshakaa mkao wa kula.

Huyo Mama Mkubwa ndiye aliyemlea. Mdogo wake alipofariki, alikwenda msibani akarudi ameshika watoto wawili, mkono huu binti yake, mkono ule mtoto wa marehemu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akisema huyu wangu na huyu wa kuokota. Mume wake, Baba Mkubwa, alikuwa ndiye fundi vitasa wa kibanda kile. Alimfundisha Komeo kazi, na pamoja na kazi akamwachia sharti.

Sharti lenyewe lilikuwa hivi. Kitasa cha mahali wanapokaa watu kifunguke kutoka ndani, kwa mkono mtupu, bila ufunguo. Na skurubu zake zikae upande wa ndani. "Aliye ndani ndiye mwenye mlango," mzee alikuwa akisema huku anapuliza vumbi la chuma. "Wa nje kazi yake kubisha hodi."

Komeo alilishika sharti hilo kama mboni ya jicho. Tajiri mmoja mwenye karakana ya kushona mashati alimwita amfungie komeo la nje, ili mafundi wake wasichoropoke kabla ya saa za kutoka. Komeo aliutazama mlango, akawatazama wale wanawake walioinamia vyerehani, akakunja vifaa vyake.

"Bosi, hapa hukuhitaji mimi. Tafuta fundi wa mazizi."

"Wewe unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana naondoka mapema."

Kisa hicho alikisimulia sokoni mpaka mshona viatu akakikariri. Na kila kiliposimuliwa kilinenepa. Mara ya kwanza tajiri alikasirika, mara ya pili alitukana, na mwishowe alikuwa amemfungulia mbwa, karakana ambayo haikuwahi kufuga hata paka. Tumsamehe. Mtu mwenye sharti moja tu maishani ana haki ya kulitia chumvi kidogo.

Sasa Baba Mkubwa alipokufa, Mama Mkubwa akaanza kusahau. Kwanza yalikuwa mambo ya kuchekwa. Miwani kwenye sufuria. Chumvi kwenye chai ya wageni, na wageni kwa adabu zao wakainywa. Halafu akaanza kumwita binti yake kwa jina la marehemu mdogo wake, na hapo kicheko kikaisha. Binti huyo alikuwa muuguzi wa zahanati, kila mtu alimwita Nesi hata mumewe, na yeye aliijua safari ile inakoelekea kwa sababu aliiona kazini kila wiki.

Asubuhi moja Mama Mkubwa aliamka akili imetulia kama maji ya mtungini. Komeo alikuwa amepita kumsalimia. Alimkamata mkono, akambana kama jiliwa.

"Komeo, mimi najijua naondoka kidogokidogo. Siku itafika watakwambia unifungie."

"Nani atasema hivyo, Mama?"

"Wanaonipenda. Wengine watasumbuka nini? Niapie hutanifungia."

Komeo akaapa. Akaapa kwa roho nyeupe, haraka, kama mtu anayeweka sahihi bila kusoma.

Ukitaka kujua mwanamke huyu alikuwa akienda wapi kila alipotoka, jibu ni rahisi. Alikuwa akimpelekea mumewe chakula cha mchana kibandani, kama alivyofanya miaka yote ya ndoa yake. Alifunga sahani kwa kitambaa, wakati mwingine ikiwa na chakula na wakati mwingine ikiwa tupu, akatoka. Tatizo ni kwamba kati ya nyumba na soko siku hizi ilipita barabara kuu iliyopanuliwa, malori yanapita yanakimbizana kama yameiba. Yeye alivuka barabara ile ya zamani, ya vumbi, iliyokuwa ikipita baiskeli.

Walijaribu kumwekea msichana wa kumwangalia. Wa kwanza alifukuzwa kwa mwiko, akiitwa mwizi. Wa pili alijifukuza mwenyewe alipousikia mwiko ukitafutwa.

Ndipo siku moja muuza nyanya akamrudisha Mama Mkubwa nyumbani kamshika mkono, kiatu kimoja hakipo, na kule barabarani wameacha lori limesimama kwa upande, dereva amekaa chini anatetemeka kuliko mwanamke mwenyewe. Jioni hiyo Nesi hakubadilisha hata sare. Alikwenda moja kwa moja kibandani.

"Weka kitasa cha kufunga kwa nje," alisema.

"Dada, shikamoo."

"Shikamoo nitaipokea kesho. Weka kitasa. Mimi niko kazini mchana kutwa, shemeji yako yuko kwenye mita zake za maji, mtaa kwa mtaa. Nani anabaki naye?"

"Unajua sitengenezi kitu kama hicho."

"Najua. Soko zima linajua, mpaka nyanya zinajua. Nikuulize: akigongwa, lile sharti lako litakuja kumfunga bandeji?"

"Niliapa, dada."

"Uliapa ajisikie vizuri. Na amejisikia. Sasa tunataka awe hai." Akakaa kwenye kigoda, na kigoda kikalia. "Komeo, mimi nawaona wanaoletwa. Simhesabii mtu viapo, nahesabu mifupa iliyobaki mizima. Akifungiwa atakasirika, baadaye atasahau kwamba amekasirika. Asipofungiwa tutamzika. Weka kwenye mizani hivyo viwili, niambie kipi kizito."

 Komeo akashika njia nyingine. "Kwa nini msiache kazi mmoja wenu mkae naye?"

Nesi akamkata. "Kaa naye wewe basi."

"Mimi? Na kibanda je?"

"Aah," Nesi akasimama. "Kumbe kuna kibanda."

Neno hilo lilimwingia Komeo kama kibanzi cha chuma chini ya ukucha. Halionekani, lakini kila unachoshika kinakukumbusha.

Nyumbani kwa Nesi, alikokaa pia Mama Mkubwa, kulikuwa na mpangaji chumba cha nyuma, mwalimu wa chuo cha ualimu, na somo lake lilikuwa maadili. Ndiyo, lipo somo kama hilo. Watu wanakaa darasani wakifundishwa lipi jema na lipi baya, halafu wanatoka nje wanagombania viti. Lakini Mwalimu huyu alikuwa mtu wa watu. Kodi alilipa, maji alichota, na akiulizwa alijibu. Komeo alimkuta uani anafua soksi, akamweleza yote.

"Sasa niambie," akasema. "Vitabuni kwenu, kipi sawa na kipi makosa?"

Mwalimu akakamua soksi. "Vitabuni kwetu wanagombana, fundi. Kuna wanaosema angalia matokeo. Kitendo chema ni kile kinacholeta heri nyingi na maumivu machache, ukimhesabu kila mtu na usijipendelee."

"Huyo ni dada."

"Ni yeye. Kuna wanaosema hapana, mambo mengine ni makosa hata yakileta heri. Ahadi ni ahadi. Mtu si kifaa cha kumtulizia mtu mwingine moyo, usimwamulie kana kwamba hana akili zake."

"Huyo ni Baba Mkubwa. Na mimi."

"Polepole. Wa tatu hawaulizi kitendo, wanamuuliza mtendaji. Ukifanya hivi utakuwa mtu wa namna gani? Mtu mwenye huruma na ujasiri, ambaye si mwongo, angefanya nini akisimama hapo ulipo? Na kuna wengine wanaanzia kwenye uhusiano tu: nani ananitegemea, na amenihitaji vipi."

"Sasa kati ya hao nani mkweli?"

"Kila mmoja ana jicho linaloona kitu ambacho mwenzake hakioni," alisema Mwalimu. "Ningekuwa na jibu moja ningekwambia, tena bure. Lakini kabla hujaweka kitasa chochote, jiulize kama ungekubali kiwekwe kwenye mlango wako wewe."

Watu wamelipwa mishahara vizazi na vizazi kubishania mambo hayo na bado hawajafika mwisho. Mimi ningewamalizia wiki moja, tatizo hakuna aliyeniita. Lakini Komeo aliyasikia yote vizuri isipokuwa lile la mwisho, ambalo liliingia sikio hili likatokea lile, kwa sababu wakati huo alikuwa ameshaanza kuwaza springi.

Maana fundi akibanwa hakimbilii moyoni, anakimbilia kwenye vifaa. Komeo alijifungia kibandani akatengeneza kitasa ambacho hajapata kutengeneza. Kwa nje kilikuwa na ufunguo kama vingine. Kwa ndani kilikuwa na mpini wa kawaida, na kilifunguka bila ufunguo, kwa mkono mtupu, kama sharti linavyotaka. Ila ilibidi uuinue mpini juu, uusukume ndani, halafu uuzungushe kinyume. Mtu mzima mwenye akili zake asiyeambiwa angehangaika nao. Mtu mwenye akili zinazokuja na kwenda angeuacha.

"Kinafunguka kutoka ndani," alimwambia Nesi akimwonyesha.

Nesi alijaribu, akashindwa, akaonyeshwa tena, akaweza. Akamtazama ndugu yake kwa huruma. "Kinafunguka kweli," alisema. "Haya. Ulale salama na kiapo chako."

Mama Mkubwa alitoka chumbani akamkuta anakaza skurubu, upande wa ndani, kama mkono wake ulivyozoea.

"Kile cha zamani kina nini?"

"Kimelika, Mama. Nimekuletea kipya."

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema, na Komeo akaangusha bisibisi.

Siku zilizofuata Nesi alileta habari njema. Mama ametulia, anajaribu mpini, anauacha, na uani hakuna pa kutokea. Barabara haimjui tena. Shemeji, mume wa Nesi, mtu asiyesema ila kwa kuombwa, alisema nyumba imepoa. Komeo alizisikia habari hizo, akainamia jiliwa. Sokoni mtu akamwomba asimulie kile kisa cha tajiri wa mashati, akasema kooni kuna kikohozi. Mshona viatu akaacha sindano hewani. Komeo kukataa kisa kile! Hiyo ilikuwa ni kama jogoo kuomba ruhusa ya kuwika.

Mchana mmoja alishindwa, akafunga kibanda akaenda. Kabla hajaingiza ufunguo alichungulia dirishani. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti kilichoelekezwa mlangoni, amevaa nguo za kutokea, sahani iliyofungwa kitambaa imetulia mapajani. Alikaa kama wanavyokaa watu kwenye benchi la zahanati, wale ambao hawajui wataitwa lini lakini wanaogopa kwenda haja wasije wakaitwa hawapo.

Alimwona dirishani, akainuka kwa furaha.

"Fundi! Umekuja kufungua?"

Hakumtambua. Komeo alitaka kusema ni mimi, akajikuta anauliza kwa sauti ya mgeni: "Mlango una nini, mama?"

"Umegoma. Lakini usijali sana kama una kazi nyingine. Nina kijana wangu, ni fundi vitasa, atapita. Yule akipita nitatoka." Akasogea karibu na nondo za dirisha, akashusha sauti kana kwamba anamdokezea dili. "Yeye hafungii watu."

Komeo alifungua akaingia, akakaa naye, akala kile chakula cha marehemu maana kilikuwa kinapoa. Alipotoka alisimama barazani na ufunguo mkononi. Nesi kazini. Malori yanaunguruma pale mwisho wa mtaa. Akaufunga mlango. Unaweza kumlaumu, lakini sema kwanza wewe ungefanyaje, na usiseme haraka.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo sharti la Baba Mkubwa lilipofufuka lenyewe.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Komeo alikuwa ameinamia jiliwa, anachonga ufunguo wa kabati la mtu, akasikia:

"Hodi hapa."

Aliitambua sauti kabla hajainua uso. Mama Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya kibanda, blauzi kaivaa ndani nje, mguu mmoja ndala yake na mguu mwingine kiatu cha Shemeji, na mfuko wa plastiki mkononi. Nyuma yake muuza nyanya alikuwa anahema.

"Nimemkuta katikati ya barabara, Komeo! Katikati! Basi limesimama linapiga honi, yeye analipungia mkono kama anapokea wageni!"

Mama Mkubwa hakumjali. Akamimina mfuko mezani. Kikaanguka kitasa, na skurubu zake zote zimefungwa kwenye pembe ya leso, hakuna hata moja iliyopotea. Mke wa fundi hapotezi skurubu.

"Kitasa hiki kinaumwa," alisema. "Nimekivua kwa kisu cha kukatia vitunguu. Bahati skurubu zilikuwa kwangu ndani."

Bahati! Komeo alihisi masikio yanawaka. Fundi mwingine yeyote anayetaka kumfungia mtu angezificha skurubu kwa nje. Ni yeye peke yake, kwa mazoea ya mkono uliolelewa na sharti, ambaye angetengeneza mtego halafu amwachie mtegwa bisibisi.

Mama Mkubwa alikigeuza kitasa, akakifungua tumbo kwa kucha kama anavyomenya karanga. Jioni na asubuhi nyingi za maisha yake alikaa na mumewe mezani akimpangia springi. Majina yalikuwa yamemtoka, miaka ilikuwa imemchanganyikia, ila vidole vilikuwa nyumbani.

"Ona hii. Springi imewekwa kichwa chini. Si kwa bahati mbaya. Mtu ameikunja kwa koleo, akaipunguza ncha kwa tupa laini, ili mpini umkatalie aliye ndani. Kazi safi." Aliinua macho, na macho yale yalikuwa yake, yote mawili, yamerudi. "Mkono huu naujua. Komeo, ulimtengenezea nani?"

Tusimame hapo kidogo. Angeweza kusema kilikuwa cha ghala la mtu, kikafungwa pale kwa makosa. Mama angekubali, na kabla ya jua kuchwa angekuwa amesahau hata kuuliza. Nani angeumia? Ungempa nesi yeyote swali hilo angekwambia mtulize mzee, basi. Hata muuza nyanya pale nyuma alikuwa anakonyeza jicho, danganya, danganya.

Komeo akaiweka tupa chini.

"Nilikutengenezea wewe, Mama."

"Mimi?"

"Wewe. Nikakwambia cha zamani kimelika. Hakikuwa kimelika."

"Na ulisema hutanifungia."

"Nilisema."

Alimnyooshea mkono, Komeo akadhani anapigwa, akafumba macho. Alivutwa sikio. Likavutwa kwa ufundi, kwa mzunguko wa polepole, kama zamani alipoiba sukari, mbele ya soko zima, mtu mwenye mvi za kidevuni. Mshona viatu alijifanya anatafuta gundi chini ya meza. Mabega yake yakawa yanacheza.

Kisha Mama Mkubwa akaliachia sikio, akakaa kwenye kigoda kilichopinda, na ghafla akawa mdogo.

"Unajua nini?" alisema. "Ile barabara hata mimi naiogopa. Nikitoka nyumbani najua ninakokwenda. Nikifika katikati panafutika. Nasikia honi, sijui zinamwita nani." Akafuta mikono kwenye sketi. "Mngeniuliza ningewaambia. Mmekaa mnanipigia hesabu, mwenye kiapo na kiapo chake, mwenye mifupa na mifupa yake. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Muuza nyanya alikuja kusimulia baadaye kwamba Komeo alilia. Komeo anasema ni vumbi la chuma. Mimi nawajua wote wawili, nanyamaza.

Jioni ile walikaa sebuleni, wakati Nesi anaandaa meza, na safari hii Mama Mkubwa alikuwa kwenye kikao. Mlango ulikuwa na tundu mahali pa kitasa, upepo unapuliza. Nesi alipoambiwa kuhusu basi alikaa chini akashika kichwa.

"Mama, mimi siwezi," alisema. "Siwezi kuja kukupokea kule kazini umelazwa kwenye machela. Nisamehe, siwezi."

"Najua, mwanangu. Hukukosea kuogopa."

"Basi tufanyeje?"

Komeo akakohoa. "Nafunga kibanda. Nitahamishia jiliwa hapa barazani, na mwenyewe nitalala stoo. Mteja anayenitaka atanitafuta, asiyenitaka atatafuta wale wanaoshika tupa kichwa chini." Alisema kama anatania, lakini alikuwa anatazama sakafu. Lile neno la Nesi, kumbe kuna kibanda, lilikuwa linachomoka chini ya ukucha, na kibanzi kinapochomoka ndipo huuma zaidi. "Na pale mlangoni nitaweka kitasa cha kawaida. Ila juu yake nataka kufunga kengele. Ukifungua italia, nitasikia hata nikiwa nachonga, nitakufuata. Sikufungii, Mama. Nakuomba ruhusa nikusikie."

Mama Mkubwa alimkazia macho. "Kengele? Mimi mbuzi?"

Akamgeukia Mwalimu, ambaye alikuwa ameitwa kula na sasa anajuta.

"Wewe mwenye vitabu. Wanasemaje huko?"

Mwalimu alijikuna shingo. "Kuna wanaosema, mama, kwamba kanuni unayomwekea mwenzako, kwanza uwe tayari iwe kanuni ya wote, na wewe ukiwemo."

"Hao," Mama Mkubwa akapiga paja, "hao nawapenda! Komeo, kengele nimekubali. Weka kwangu, weka na kwa Nesi. Weka mlango wa uani. Weka chumba cha huyu Mwalimu, maana kanuni kaileta mwenyewe. Na wewe ukihamia stoo, weka kwako. Mkitoka wote mlie."

Walidhani anatania. Wakadhani kesho atasahau. Kesho aliamka akauliza kengele ziko wapi.

Komeo alizitafuta kwa mafundi baiskeli, zikafungwa kwenye milango yote, na nyumba ile haikuwa tena kama ilivyokuwa. Kring! Nesi ameamka. Kring! Mwalimu amekwenda kuoga. Kring, kring! Shemeji, mtu kimya, mtu wa heshima, ikajulikana kwamba kila akimaliza kula anatoka uani kuvuta sigara aliyomwapia mkewe ameiacha zamani.

"Kumbe!" Nesi alisema amejishika kiuno.

"Nilikuwa natazama mita," alijibu Shemeji, na moshi ukamtoka puani.

Mama Mkubwa alicheka mpaka akashikiliwa. Na Nesi, ambaye ndiye aliyetaka komeo la nje, ikafika siku akakiri kwa ndugu yake kwamba ile kengele mlangoni kwake inamkera, inamfanya ajione analindwa kama mgonjwa. "Sasa nimeelewa alichokuwa anakiogopa," alisema. Hakuomba iondolewe.

Usidhani mambo yalinyooka kama rula. Wateja walipungua, maana nani atavuka barabara ile kwa ajili ya ufunguo wa kabati? Mama Mkubwa ana siku anamfukuza Komeo barazani akimwita mwizi wa jiliwa la mume wake. Na Nesi bado akiwa kazini akisikia breki za lori moyo humruka. Lakini siku nyingi mama hukaa pembeni ya jiliwa akichambua springi, ndogo huku na kubwa kule, na chakula cha mchana anampa fundi aliyepo, ambaye wakati mwingine anamwita kwa jina la marehemu mumewe, naye fundi huitikia.

Kile kitasa cha ujanja Komeo amekitundika ukutani. Mteja akiuliza bei yake anaambiwa hakiuzwi. Na kisa cha tajiri wa mashati amekirudia, ila amemtoa mbwa.

Kuna siku springi hazimtoshi. Anainuka, anafunga sahani yake kwa kitambaa. Kring! Komeo anaacha kazi kwenye jiliwa, ufunguo umechongwa nusu, mteja ameachwa amekaa kwenye kigoda kilichopinda.

"Tunakwenda wapi, Mama?"

"Mimi ndiye ninayekwenda. Wewe unanifuata."

"Haya, nakufuata."

Wanashuka mtaa, mama mbele na fundi nyuma, mpaka pale ukingoni malori yanapounguruma. Hapo Mama Mkubwa husimama. Hutazama huku, hutazama kule, uso umeanza kufutika. Kisha hunyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Komeo, shika mkono wangu," humwambia. "Magari mengi hapa, usije ukagongwa."

Naye Komeo, na mvi zake zote, huushika.